Mambo Yanayoathiri Kuruhusiwa Siku Ileile baada ya Kupandikizwa Kichochezi cha Ugwe Mgongo: Mazingira ya Buswelu, Mwanza

Kichochezi cha ugwe mgongo ni kifaa kinachopeleka umeme hafifu kwenye ugwe mgongo ili kupunguza maumivu sugu. Norman Shealy alikipandikiza kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1967. Pale kilipozoeleka, wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku ileile.

Kinachoamua kwanza ni njia ya upasuaji. Elektrodi zikiingizwa kwa sindano, misuli haijeruhiwi sana; zikiwekwa kwa kukata sehemu ya pingili, maumivu huzidi na aghalabu nusukaputi huhitajika. Kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi usingizini, kisukari, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya mofini huongeza uwezekano wa kulazwa. Hata saa ya upasuaji ina uzito: aliyepasuliwa alasiri hana muda wa kutosha wa kuangaliwa.

Kipimo kinachotumika sana ni cha Frances Chung wa Toronto, ambacho hutazama mapigo ya moyo na shinikizo la damu, mwendo, kichefuchefu, maumivu na kutokwa damu. Mgonjwa akipata alama 9 kati ya 10 huruhusiwa. Hata hivyo, kipimo hicho hupima mwili tu, nyumba hakiipimi.

Buswelu, yalipo makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, iko pembezoni mwa Jiji la Mwanza, ilhali Hospitali ya Kanda ya Bugando iko kilimani karibu na katikati ya jiji. Hatari inayoogopwa ni damu kuvilia ndani ya mfereji wa uti wa mgongo. Ni nadra, lakini miguu ikilegea usiku, mgonjwa hana budi kupasuliwa tena ndani ya saa chache, la sivyo huenda akapooza moja kwa moja. Bodaboda haimfai: mitikisiko na kujipinda huweza kuzihamisha elektrodi. Kwa mkazi wa Ukerewe, ambaye ziwa limemtenga na hospitali, kulala kwa ndugu Buswelu siku mbili tatu ni busara kuliko kupanda kivuko cha Nansio.

Msindikizaji naye lazima aelekezwe kwa lugha anayoielewa, Kisukuma ikibidi. Neno “ganzi” lina mtego hapa, kwa kuwa hutaja dawa na pia dalili. Familia iliyoambiwa kwamba ganzi itaisha yenyewe huweza kusubiri hadi asubuhi, na saa za kuiokoa miguu zikapita.