Lita Mbili za Maji ya Vuguvugu

Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, mtu mzima akiona damu kwenye choo kikubwa huwa na jibu kabla hajafika hospitali: bawasiri. Jirani atamwambia hivyo, muuza miti shamba sokoni atamwambia hivyo, na dukani atapewa dawa ya kupaka bila kuulizwa mengi. Mara nyingi wote huwa wamepatia, maana bawasiri zipo tele. Lakini damu hiyo hiyo inaweza kutoka kwenye vinyama vinavyoota ndani ya ukuta wa utumbo mpana. Madaktari huviita polipu. Vingi havina neno. Vile vya aina ya adenoma, vikiachwa miaka kumi au zaidi, baadhi yake hugeuka saratani. Ukiwa nje huwezi kujua damu imetoka wapi. Lazima mtu aingie ndani, atazame.

Chombo cha kutazamia ni kolonoskopu, mrija unaopindika wenye unene wa kidole, wenye taa na kamera mbele na tundu dogo la kupitishia waya na vikoleo. Huingizwa kwa njia ya haja kubwa na kusukumwa taratibu mpaka mwanzo wa utumbo mpana, pale unapopokea utumbo mwembamba, karibu na kidole tumbo. Mwaka 1969 William Wolff na Hiromi Shinya, wakiwa New York, walionyesha kuwa kinyama kinaweza kukatwa papo hapo kwa kitanzi cha waya chenye umeme, bila kupasua tumbo. Tangu hapo kipimo kikawa pia ni tiba, na saratani ikaweza kuzuiwa kabla haijawa saratani.

Tatizo ni kwamba jicho hupitwa. Watafiti wamewahi kuwapima wagonjwa mara mbili mfululizo siku moja, wakilinganisha kilichoonekana mara ya kwanza na mara ya pili. Majaribio ya namna hiyo, yakijumlishwa, yanaonyesha kuwa takriban adenoma moja kati ya nne hukosekana. Hukosekana kwa sababu imejificha nyuma ya mkunjo wa utumbo, au ni bapa mno, au imefunikwa na utando wa uchafu uliobaki. Na kukosekana huko kuna gharama inayopimika. Mwaka 2014 Douglas Corley na wenzake wa Kaskazini mwa California walichapisha uchambuzi wa vipimo 314,872 vilivyofanywa na madaktari 136. Kila daktari alihesabiwa: kati ya wagonjwa 100, wangapi aliwakuta na angalau adenoma moja? Kwa kila nyongeza ya asilimia moja katika hesabu hiyo, hatari ya mgonjwa wake kupata saratani ya utumbo baadaye ilipungua kwa asilimia 3. Mgonjwa aliyelala kitandani hajui daktari wake yuko wapi kwenye hesabu hiyo, ilhali maisha yake yanaitegemea.

Hapa ndipo maji yanapoingia.

Utumbo mpana usipokuwa na kitu hulala umesinyaa, kuta zikigusana. Ili kupata njia, madaktari wamezoea kupuliza hewa. Hewa inafungua, lakini inaleta matatizo yake. Fikiria mpira wa ndani wa tairi la baiskeli nje ya tairi: ukiujaza upepo unanenepa, unarefuka na kujikunja. Utumbo nao hurefuka, kona zake hukaza, hasa ile sehemu ya chini kushoto yenye umbo la S, na kolonoskopu ikisukumwa hujipinda humo na kuvuta nyama zinazoshikilia utumbo. Maumivu makubwa ya kipimo hiki yanatoka hapo. Ndiyo maana wagonjwa wengi duniani hupewa dawa za usingizi kabla ya kuanza.

Maji hufanya kinyume chake. Yana uzito. Mgonjwa akilala ubavu wa kushoto na daktari akimimina maji badala ya hewa, ile sehemu ya S huelemewa na kunyooka, njia inafunguka kiasi cha kupita tu, na kona hazikazi. Maji yakiwa na joto la mwili hutuliza pia ule mkazo wa ghafla wa misuli ya utumbo. Wazo hili lilichapishwa tangu mwaka 1984, Falchuk na Griffin walipoeleza kwamba maji huwasaidia kupita kwenye utumbo uliojaa vifuko. Kwa miaka mingi lilibaki kuwa ujanja wa kumwokoa daktari aliyekwama.

Aliyelifanya kuwa njia kamili ni Felix Leung, daktari wa hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Sepulveda, Los Angeles, na sababu yake inastahili kusikika Masasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kitengo chake kilipungukiwa wauguzi. Mgonjwa aliyepewa usingizi anahitaji mtu wa kumwangalia, na mtu huyo hakuwapo. Ikabidi wapime watu wakiwa macho. Kwa hewa, wengi hawakuvumilia. Leung akaanza kuzima kabisa pampu ya hewa, akaingia kwa maji matupu, na wagonjwa wakavumilia. Ni katika kutafuta namna ya kupunguza maumivu kwenye kitengo chenye upungufu ndipo walipogundua jambo ambalo hawakulitafuta: vinyama vilionekana zaidi.

Kuna namna mbili, na tofauti yake si ndogo. Ya kwanza, daktari anamimina maji wakati wa kuingia na kuyanyonya anapotoka. Hii humpunguzia mgonjwa maumivu. Ya pili ni ya kubadilisha maji: anamimina na kunyonya hapo hapo, hatua kwa hatua, maji machafu yakitoka na safi yakiingia, na hewa yoyote inayokutwa njiani inanyonywa. Kufika mwisho wa safari kunachukua dakika chache zaidi. Lakini anapofika, ukuta wote umeoshwa. Wakati wa kutoka, ambapo ndipo vinyama hutafutwa, jicho lake halina kazi nyingine. Yule aliyeingia kwa hewa hutumia muda huo huo wa kutoka akiosha, akinyonya, akiosha tena, na kila aoshapo ameacha kutazama.

Sergio Cadoni wa Sardinia na wenzake walilipima jambo hili katika vituo kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Walikuwa watu 1,224 wenye umri wa miaka 50 hadi 70, wamegawanywa kwa kura. Walioingiwa kwa hewa, takriban 40 kati ya 100 walikutwa na adenoma. Kwa ile namna ya kwanza ya maji, 43. Kwa kubadilisha maji, 49. Rudi kwenye hesabu ya Corley ujue uzito wa tofauti hiyo ya tisa. Na sehemu inayonufaika sana ni upande wa kulia wa utumbo, ambako vinyama huwa bapa, uchafu hung'ang'ania, na ambako kipimo kimekuwa kikizuia saratani kwa kiwango kidogo kuliko kushoto.

Maji husaidia hata kukata. Kwa kawaida kinyama kipana na bapa hudungwa maji ya chumvi chini yake kiinuke, kwa hofu ya kuunguza misuli ya utumbo na kuutoboa. Mwaka 2012 Kenneth Binmoeller wa San Francisco na wenzake walichapisha njia ya kukikata chini ya maji bila sindano hiyo. Utumbo uliojaa maji haukazwi kama uliojaa hewa. Tabaka la juu lenye kinyama huelea kuelekea ndani, la misuli hubaki nyuma mahali pake, na kitanzi kinashika kinachotakiwa tu.

Ninaziandika habari hizi kwa ajili ya kusini kwa sababu kila kinachohitajika na njia hii, ukiacha kolonoskopu yenyewe, ni kitu ambacho hospitali ya wilaya inaweza kukipata. Haihitaji mtungi wa kaboni dioksidi ya kupuliza badala ya hewa. Inapunguza hitaji la mtaalamu wa usingizi, na hao ni wachache. Inahitaji pampu ndogo, maji safi yaliyopashwa moto, na mikono iliyofundishwa. Ukanda huu una historia ya tiba nzito kwa vifaa vyepesi: Ndanda, hospitali iliyokuzwa na Wabenediktini; Mkomaindo pale Masasi mjini; na Lulindi, alikofika mpasuaji Leader Stirling mwaka 1935 akafanya operesheni kwenye majengo ya udongo na nyasi, miaka 40 kabla ya kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Kolonoskopi itakapoanza kufanywa kwa wingi kusini, sioni kwa nini madaktari vijana wafundishwe kwanza hewa, kisha baada ya miaka ishirini waambiwe kuna maji. Waanze na maji.

Najua mtu wa Newala atauliza: maji gani? Ni swali la haki. Uwanda wa juu wa Makonde ni mchanga unaokunywa mvua yote na kuipeleka chini kabisa. Juu hakuna mto. Vizazi vya wanawake vimeteremka genge na kupanda na maji kichwani. Leo maji ya bomba hupandishwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema, bonde la Kitangari, na umeme ukikatika, dumu linapanda bei. Masasi ina nafuu ya chemchemi ya Mbwinji. Lakini kipimo kimoja cha kubadilisha maji kinatumia lita moja hadi mbili, pungufu ya ndoo ya kuogea. Maji mengi huenda kwingine: kwenye kuosha na kusuuza kolonoskopu baada ya kila mgonjwa, kazi isiyoruhusu njia ya mkato, na chooni kwa mgonjwa anayejiandaa.

Maandalizi haya ndiyo yanayonipa wasiwasi kuliko mashine. Siku moja kabla, mgonjwa hunywa lita mbili hadi nne za dawa ya kusafisha tumbo, na huenda chooni mara nyingi mpaka kitoke kitu cha manjano kisicho na chembe. Hakuna anayeweza kuyafanya hayo ndani ya basi, na kutoka Newala hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Nyumbani, choo cha shimo kiko mbali na taa, na bibi wa miaka 65 atakitembelea usiku kucha. Kwa hiyo anayepanga huduma hii apange na vitanda vya kulala jirani na hospitali, vyenye choo na maji ya uhakika. Kubadilisha maji kunasaidia palipobaki utando. Tumbo lililojaa halisafishwi kwa mrija.

Kisha kuna swali la nani apimwe. Denis Burkitt, aliyewahi kuwa mpasuaji wa Mulago, Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu Afrika, akaihusisha na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Ugali wa mtama, mbaazi, kunde, kisamvu na ming'oko ya porini ni vyakula ambavyo angevisifu. Lakini sahani zimebadilika, pombe kali haipungui, umri wa kuishi umeongezeka, na hospitali za Dar es Salaam zinawaona wagonjwa hawa wakiongezeka, si wachache wakiwa chini ya miaka 50, wengi wakichelewa. Tanzania haina mpango wa taifa wa kupima kila mtu saratani hii, na sidhani kama tunapaswa kuanzia huko. Tuanze na wenye dalili: damu inayojirudia, choo kilichobadilika kwa majuma, kukonda, upungufu wa damu usioelezeka kwa mwanamume au kwa mama aliyekoma hedhi, na aliye na ndugu wa damu aliyeugua. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye kinyesi, ambacho ni cha bei nafuu, kinaweza kusaidia kuchagua.

Aibu nayo ni kubwa, na haiondolewi kwa kumkaripia mtu. Mzee aliyepita jando, mwenye wajukuu, anaambiwa alale ubavu mbele ya daktari wa umri wa mwanawe. Shikamoo ianze. Aelezwe kwamba atafunikwa, kwamba atakuwa macho na anaweza kusema "subiri kidogo, mwanangu" na mrija ukasimama. Kipimo cha maji kina faida hii ambayo haimo kwenye takwimu: mgonjwa anabaki na sauti yake, anauona utumbo wake kwenye skrini akitaka, na anaondoka bila ya kusubiri usingizi uishe. Hatari ya kutokwa damu au kutobolewa utumbo ni ndogo, lakini ipo, naye ana haki ya kuambiwa. Na kinyama kisikatwe mahali ambapo mpasuaji hayupo karibu.

Siku huduma ikianza, kitu cha kwanza cha kununua baada ya mashine ni daftari. Kwa kila mgonjwa iandikwe: utumbo ulikuwa safi kiasi gani, mwisho wake ulifikiwa au la, dakika ngapi zilitumika kutoka, zisipungue sita, na adenoma ilionekana au haikuonekana baada ya maabara kuthibitisha. Kila daktari awe na safu yake, na safu hizo zisomwe na wote kila baada ya miezi mitatu, Masasi, Ndanda na Mtwara kwa pamoja, ili anayeona vichache akakae siku kadhaa pembeni ya anayeona vingi.