Kiwanda kilifungwa, sumu ikabaki

Betri ya gari ikifa mjini Eldoret haitupwi. Fundi huiuza kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, kwani pesa zimo ndani yake: zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, ambayo huyeyushwa yakatumiwa tena. Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni akina nani wanaoishi kando ya tanuri hilo?

Karibu kilomita 800 kutoka hapa, huko Mikindani, Mombasa, upo mtaa wa mabanda uitwao Owino Uhuru, wenye wakazi wapatao 3,000. Mwaka wa 2007, kiwanda cha Kenya Metal Refineries kilianza kuyeyusha betri kuukuu ubavuni mwa nyumba zao. Moshi uliwaingilia ndani, maji machafu yakatiririka hadi wanakochezea watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014, na mtu wa mbali angedhani kisa kiliishia hapo.

La hasha. Risasi haiozi. Hukaa udongoni miaka nenda miaka rudi, ikipanda na vumbi kila upepo uvumapo. Mtoto anayetambaa na kutia vidole kinywani huimeza kwa urahisi, na mwili wake huifyonza zaidi kuliko wa mtu mzima. Mwili nao huidhania kuwa kalisi ukaihifadhi mifupani. Mama akipata mimba miaka mingi baadaye, mifupa huiachilia ikamfikia mtoto tumboni. Huleta maumivu ya tumbo, upungufu wa damu na uzito wa kushika masomo. Zipo dawa za kuipunguza damuni, lakini akili iliyokwisha kudhurika haziirudishi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chochote kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hivyo wazazi wa Langas au Huruma wasimwache mtu avunje betri uani kwao, wala kumwaga tindikali yake mtaroni. Betri na iuzwe ikiwa nzima.

Aliyeamsha watu ni Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani humo mwaka wa 2009. Mwanawe aliyekuwa akinyonya aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi damuni. Aliacha kazi, akaanza kuwatetea majirani. Mwaka wa 2012 alikamatwa kwa kuongoza maandamano. Mwaka wa 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman kule Marekani. (Nabii hukosa heshima kwao, kama kawaida.)

Kesi ilifunguliwa mwaka wa 2016. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, na eneo lisafishwe au zitolewe Sh700 milioni za kazi hiyo. Miongoni mwa waliopatikana na makosa ni serikali yenyewe, pamoja na NEMA, mamlaka iliyopaswa kulinda mazingira. Badala ya kulipa, NEMA ilikata rufaa. Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo mwaka wa 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na umri wa miaka 17 uamuzi huo uliposomwa.