Santuri: kutengeneza, kurekebisha au kubadilisha?

Nomino *santuri* (ngeli ya I-/ZI-) ina maana mbili: sahani iliyorekodiwa sauti, na mashine inayoichezesha sahani hiyo, ambayo huitwa pia *gramafoni*. Mazungumzoni maana hizo hazigongani. Mezani kwa fundi hugongana.

Chukulia mtu wa Geita anayepakia gramafoni ya marehemu babu yake kwenye basi la Shinyanga, pamoja na sahani moja ya taarabu, akaandika juu ya boksi: "Santuri imeharibika, itengenezwe." Fundi hajui kilichoharibika ni kipi, wala hajui afanye nini. Akikosea, mashine itapona lakini sahani itapotea, kwa kuwa mifuo iliyochimbika haitengenezeki.

Tengeneza. Kitenzi hiki kimetokana na *tengenea*, yaani kuwa katika hali nzuri. Hufaa pale kitu kinapokuwa kimeharibika: *Fundi ametengeneza gramafoni, kamani ilikuwa imekatika.*

Rekebisha. Ni kuweka sawa kitu kizima kilichopotoka kidogo: *Fundi amerekebisha mwendo wa gramafoni.* Sahani za kale, mfano zile alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928, huzunguka takribani mara 78 kwa dakika. Hubandikwa kipande cha karatasi ukingoni mwa bamba, kisha mizunguko huhesabiwa kwa saa. Ikipungua, sauti huwa nzito. Ikizidi, huwa nyembamba. Hapo hakuna kilichovunjika. Hugeuzwa tu kirekebishi cha mwendo.

Badilisha. Ni kuondoa kimoja na kuweka kingine. Sindano ya chuma hubadilishwa kila baada ya kucheza upande mmoja wa sahani, kwani ncha yake hulika upesi, na ncha iliyolika hukwangua mifuo. Sindano ya almasi, jiwe ambalo Shinyanga imelizoea tangu ugunduzi wa Mwadui mwaka 1940, hudumu kwa mamia ya saa, ila hiyo ni ya mashine za umeme. Kwa hiyo neno *sindano* peke yake halitoshi. Sahani ya mizunguko 33 au 45 ikiwekwa chini ya sindano ya chuma ya gramafoni, huharibika moja kwa moja.

Tanbihi ya matumizi. Gramafoni ya kamani *haiwashwi*. *Hutiwa ufunguo*, kama saa ya ukutani. Ndiyo maana ilifaa vijijini ambako umeme ulichelewa kufika.

Maandishi ya juu ya boksi yangekuwa salama zaidi hivi: *Gramafoni inakwenda polepole, irekebishwe mwendo. Sindano ya chuma ibadilishwe. Sahani ni nzima. Isichezwe kabla ya hayo.* Sentensi nne fupi, na kila kitenzi kimepata kazi yake.