Mjamzito anapovimba: Usikimbilie kumnyima maji na chumvi

Miguu ya mjamzito ikivimba, ushauri hutoka kila upande: apunguze maji, aache chumvi kabisa, ameze vidonge vya kupunguza maji mwilini. Ushauri huo unaweza kumdhuru, hasa akiwa na priiklampsia, hali inayotangulia kifafa cha mimba.

Katika ujauzito wa kawaida, majimaji ya damu huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50 ili mtoto apate chakula na hewa. Homoni ndizo husimamia kazi hiyo. Mishipa ya damu hutanuka, figo hutoa kemikali iitwayo renini, kisha angiotensini na aldosteroni huongezeka. Aldosteroni huzifanya figo zibakize chumvi na maji. Angiotensini kwa kawaida hubana mishipa, lakini mishipa ya mjamzito mwenye afya haiitikii sana, hivyo presha haipandi.

Kwenye priiklampsia mambo hugeuka. Kondo la nyuma lisilopata damu ya kutosha hutoa protini zinazodhuru kuta za mishipa ya mama. Mishipa hubana, presha hupanda, na maji huvujia kwenye nyama za mwili. Mama huvimba uso na mikono, huku maji ndani ya mishipa yakiwa pungufu. Ajabu ni kwamba renini na aldosteroni, ambazo zingetarajiwa kupanda, mara nyingi huwa chini kuliko za mjamzito mwenye afya.

Ndiyo maana kumpunguzia maji kiholela kunaweza kupunguza zaidi damu inayomfikia mtoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) halipendekezi vidonge hivyo wala kubana chumvi kama kinga ya priiklampsia. Dripu nyingi nazo ni hatari, kwani maji yanaweza kuvujia kwenye mapafu.

Kuvimba miguu pekee hutokea kwa wajawazito wengi. Kinachotoa jibu ni vipimo vya presha na mkojo kliniki. Presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 inahitaji uchunguzi.

Mama awahishwe hospitali, hata usiku, akiwa na:
- kichwa kinachouma sana
- kuona ukungu au vimulimuli
- maumivu ya juu ya tumbo
- uso au mikono kuvimba ghafla
- kupumua kwa shida au degedege

Kujifungua hakumalizi hatari papo hapo. Dalili hizi zinaweza kujitokeza hata wiki 6 baadaye, hivyo familia iendelee kumwangalia mama, si mtoto peke yake.