Lahaja za Mitambo: Juu ya Hitilafu za Kushiriki Faili Baada ya Kubadilishwa kwa Seva

Neno "lahaja" limezoeleka katika taaluma ya isimu, na huenda mwanaisimu akashangaa kulikuta katika nyaraka za mafundi wa tarakilishi. Hata hivyo limo humo, wala si kwa sitiari. Itifaki iitwayo SMB, ambayo hutumika sana maofisini kuziwezesha tarakilishi nyingi kufungua faili zilizowekwa katika seva moja, ina matoleo mbalimbali, na kila toleo huitwa rasmi lahaja. Tarakilishi ya mtumiaji inapoiendea seva, huanza kwa kutaja lahaja zote inazozifahamu. Seva huchagua moja, kwa kawaida ile iliyo mpya kuliko zote ambazo pande mbili zinaelewana nazo, na mazungumzo huendelea kwa lahaja hiyo. Pasipokuwa na lahaja ya pamoja, mazungumzo hukatika.

Yafaa jambo hili lishikwe, kwa kuwa hitilafu nyingi zinazotokea baada ya idara kupata seva mpya ya kuhifadhia huelezwa kimakosa. Mhadhiri aliyeweka humo rekodi zake za utafiti huambiwa kwamba faili "zimepotea", au kwamba seva mpya ni mbovu. Mara nyingi hakuna kilichopotea. Kilichovunjika ni maafikiano baina ya mashine, na kazi ya mchunguzi ni kujua yamevunjikia wapi.

Asili ya SMB ni kazi ya Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baadaye Microsoft iliichukua na kuipanua. Lahaja za kale ndizo zinazoitwa kwa jumla SMB1. SMB2 ilikuja na Windows Vista, na SMB3 ikatoka mwaka 2012. Katika seva zisizo za Windows kazi hiyo hufanywa aghalabu na programu iitwayo Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mnamo mwisho wa 1991. Hapa pana jambo la kumfurahisha mwanaisimu. Tridgell hakupewa sarufi ya itifaki hiyo. Aliijua kwa kuzisikiliza mashine zikizungumza, na mwenyewe ameilinganisha njia yake na ya mgeni ajifunzaye Kifaransa kwa kuketi mkahawani akiwatazama watu wakiagiza chakula. Ni mbinu ya mtafiti wa nyanjani hasa.

Badiliko la kwanza linaloletwa na seva mpya ni kwamba SMB1 hunyimwa nafasi. Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya dosari kubwa katika namna Windows ilivyoitekeleza lahaja hiyo. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu haribifu iitwayo WannaCry ilipita katika dosari hiyohiyo na kuzifunga faili za tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza. Kabla ya mwaka kwisha, toleo jipya la Windows 10 lilianza kusakinishwa bila SMB1, na Samba 4.11 ya mwaka 2019 ikaifunga nayo.

Dalili yake ni rahisi kuitambua: mashine mpya hufungua faili, kuukuu hazifungui. Tarakilishi ya Windows XP iliyobakishwa maabara ya fonetiki kwa ajili ya kifaa fulani cha zamani haijui lahaja nyingine isipokuwa SMB1. Mashine nyingi za zamani za kunakilia na kupiga kurasa picha zina kasoro hiyo pia. Dalili ya pili hupotosha zaidi. Jina la seva hutoweka katika orodha ya mashine zilizomo mtandaoni, kwa sababu orodha ya zamani ilitegemea SMB1. Lakini mtu akiliandika jina hilo mwenyewe, folda hufunguka bila shida.

Kishawishi cha fundi aliyebanwa na malalamiko ni kuirudisha SMB1 katika seva. Ushauri huo haufai. Ili mashine moja ifurahi, rekodi za watafiti wote hufunguliwa mlango uliokwisha kupitwa na wezi. Afadhali mashine hiyo itengwe na mtandao, na faili zake zihamishwe kwa kifaa cha USB.

Pale ambapo lahaja imeafikiwa, hufuata swali la utambulisho. Hapa namba ya kosa ina thamani kuliko maelezo ya mdomo. Katika Windows namba 53 maana yake njia haikupatikana: tarakilishi haijamfikia hata huyo wa kuzungumza naye, na anayehangaika na ruhusa za folda wakati huo anapoteza siku nzima. Namba 1326 yaonyesha kwamba imefika lakini jina la mtumiaji au neno la siri limekataliwa, labda kwa kuwa Windows inaendelea kupeleka neno la zamani iliyolihifadhi. Namba 5 yaonyesha kwamba mtumiaji ametambuliwa ila hana ruhusa. Kuna pia sababu ya ajabu kidogo: panapotumika mfumo wa Kerberos, saa za mashine mbili zikitofautiana kwa zaidi ya dakika 5, kwa kawaida mtumiaji hukataliwa hata kama neno lake la siri ni sahihi.

Hitilafu hizo zote hupiga kelele. Iliyo kimya ni ile ya majina ya faili, nayo ndiyo inayoihusu idara ya lugha za Kiafrika kuliko idara nyingine yoyote.

Herufi ũ ya Kikuyu na Kikamba huweza kuandikwa katika Unikodi kwa njia mbili: kwa alama moja iliyo kamili, yaani 0169, au kwa u ya kawaida ikifuatwa na alama ya wimbi, 0303, inayopandishwa juu yake. Kwa jicho la msomaji hakuna tofauti. Mfumo wa kuhifadhi faili wa HFS+, uliotolewa na Apple mwaka 1998, uliyavunja majina yote kwa njia ya pili. Baobonye za Windows kwa kawaida hutoa njia ya kwanza. Seva nyingi za Linux hazichagui: hulinganisha baiti kwa baiti, na hivyo huyaona majina hayo kuwa mawili. Faili iliyopewa jina *rũgano* ikitolewa katika seva ya Apple na kupelekwa katika seva ya Linux, mtafiti akiibonyeza katika orodha hufunguka, lakini programu ikiita jina lililoandikwa kwa njia nyingine huambiwa kwamba faili haipo. Wanaotumia ELAN kunukuu mazungumzo wako hatarini zaidi, kwa kuwa faili ya manukuu hubeba ndani yake njia na jina la rekodi. Seva ikibadilika jina, au ũ ikibadilika umbo, manukuu ya miaka mingi hubaki bila sauti yake.

Kiswahili nacho hakikusalimika. Alama iliyo katika *ng'ombe* yaweza kuwa ile iliyonyooka au ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, na kwa mashine hayo ni maneno mawili. Kadhalika mtafiti aliyezoea kuonyesha urefu wa irabu kwa nukta mbili ataona kwamba Windows hairuhusu alama hiyo katika jina la faili. Samba humwonyesha badala yake jina fupi lililobuniwa, lisilosomeka.

Tiba ni kuyasawazisha majina kabla ya seva kuukuu kuzimwa. Programu ya convmv huweza kuyageuza majina yote kuwa ya umbo kamili, nayo ina desturi njema: haibadilishi chochote mpaka iamriwe waziwazi, bali hutoa kwanza orodha ya mabadiliko inayokusudia kuyafanya. Orodha hiyo haifai kuachiwa fundi peke yake. Aisome mtu anayeijua lugha ya rekodi, na seva kuukuu iendelee kuwaka mpaka atakapomaliza.