Gazi ya frigo yako inaitwa namna gani?

Mama msomaji, frigo ikikufa, mbele ya kumwita fundi, igeuze kidogo usome kibati cha nyuma. Utaona R-12, ao R-134a, ao R-600a. R ni ya «réfrigérant», maana yake gazi yenye kuleta baridi.

Zile namba hazikuandikwa ovyo. Katika R-12 na R-134a, tarakimu ya mwisho inahesabu atomu za fluori: 2 na 4. Za 700 ziko na njia yao: amonia ni R-717, maana uzito wa molekuli yake ni 17. (Fundi mwenye kusema «gazi ni gazi tu» hakujifunza hata moja.)

Kisha kuna alama ya hatari. A, sumu yake ni kidogo. B, sumu ni zaidi. 1 haiwaki, 3 inawaka sana. R-12, ile ya zamani yenye kuharibu ozoni, iliyokatazwa kufuatana na mapatano ya Montréal ya 1987, ni A1. R-134a vilevile. Lakini R-600a ni A3! Ni isobutani, ndugu ya gazi ya briketi ya kuwasha sigara. Tena ni nzito kupita hewa mara mbili: ikitoka inashuka chini, pale pale umeweka mbabula.

Basi frigo ya R-134a isitiwe R-600a hata kama bei ni ndogo. Swichi ya taa na termostati yake zinaweza kutoa cheche. Na frigo ya R-600a, fundi asichome bomba kwa moto kama gazi haijatoka yote inje, madirisha wazi, mbabula mbali.