Maji ya Udhu na Amana ya Gari

Katika uwanda wa juu wa Makonde mito ni adimu. Ndiyo maana sisi wa Mkunya twaijua thamani ya maji ya udhu. Kamati ya msikiti ilipoazimia kubeba tangi la lita 1,000 kwa pikapu, wengi tulisema, "Yaongezwe majani ya springi, yatosha."

Fundi alitutuliza. Lita moja ya maji ni kilo moja; tangi likijaa ni tani nzima, kabla ya kumhesabu dereva. "Springi huuficha uzito, haziupunguzi," alisema. Gari halitalala nyuma, lakini breki, ekseli na matairi hubaki vilevile, na kiwango cha mtengenezaji hakibadiliki. Tangi lisilojaa nalo huyumbisha gari konani, hasa katika mteremko wa kuelekea Masasi.

Tukaafikiana: tangi la lita 500, lijazwe, lifungwe barabara karibu na kabini, shokapu zilizochoka zibadilishwe, mtoto asipande juu yake.

Safari zitakuwa mbili badala ya moja. Lakini, ndugu zangu, kumtegemea Allah hakutuondolei wajibu wa kukagua gari. Roho ya dereva ni amana.